Senti nne kwa mche: ruzuku ilivyovifikia vikundi vya Nairobi

Ukishuka matatu Adams Arcade, kwenye Barabara ya Ngong, upande mmoja utakuta Kilimani Lane, zilipo ofisi za Green Belt Movement. Vuka barabara, upite mitaa ya Woodley, na baada ya muda mfupi utaona mabati ya Kibera. Sehemu kubwa ya historia ya ruzuku za vikundi vya jamii nchini Kenya unaweza kuizunguka kwa miguu hapo.

Kabla ya ruzuku kulikuwa na mchango. Tangu Jomo Kenyatta aifanye Harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, shule, zahanati na mifereji ya maji vilijengwa kwa pesa za majirani. Huko Mkoa wa Kati, vikundi vya wanawake vilichanga kwa zamu ili kila mwanachama aezeke nyumba kwa mabati, ndiyo maana vikaitwa vikundi vya mabati. Hakuna aliyejaza fomu. Kulikuwa na daftari, mweka hazina, na aibu ya kutajwa mbele ya wenzako kwamba hujalipa. Aibu hiyo ilifanya kazi ambayo leo wakaguzi wa hesabu wanailipisha ghali.

Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, alitokea katika dunia hiyo. Jaribio lake la kwanza la kupanda miti, kampuni ya Envirocare aliyoianzisha katikati ya miaka ya 1970 kwa kitalu kilichokuwa Karura, halikufika mbali, kwani pesa hazikuwapo. Alilipeleka wazo lake kwa Baraza la Kitaifa la Wanawake, na Juni 5, 1977 msafara ulitoka ukumbi wa KICC katikati ya jiji hadi Kamukunji, ambako miti saba ilipandwa kuwaenzi mashujaa wa jamii mbalimbali. Shughuli hiyo ilipewa jina la Harambee ya kuokoa ardhi. Hata jina lilikopwa kwenye mchango.

Pesa za maana zilifika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chama cha Misitu cha Norway kilijiunga na kazi hiyo, na mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake ukatoa dola 122,700. Kwa kikundi kilichokuwa kikihangaikia nauli, huo ulikuwa mlima wa pesa. Lakini mimi navutiwa zaidi na namna zilivyoshuka hadi chini. Wanawake waliootesha miche vijijini walilipwa senti nne za dola kwa kila mche uliopandwa na kushika. Uliokauka haukulipiwa. Basi mama aliyehesabu miche yake shambani alikuwa pia akiandika ripoti ya mradi, ingawa huenda hakuwahi kuliona andiko la mradi maishani mwake. Piga hesabu: dola 122,700 zote zingeenda kwenye miche tu, zingelipia zaidi ya milioni tatu.

Mabwana misitu walitilia shaka kama wanawake wasio na diploma wangeweza kazi hiyo. Wanawake wakaendelea kuchimba mashimo.

Ruzuku, hata hivyo, haimkingi mtu dhidi ya serikali. Mwaka 1989 Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, likiwa na sanamu ya Rais Moi. Novemba mwaka huo wabunge walimrushia maneno bungeni, wakalitaja vuguvugu lake kuwa kundi la wanawake walioachika. Kisha Green Belt ikaamriwa kuhama jengo la serikali ilikokuwa na ofisi zake, kwa notisi ya saa 24. Mafaili, mashine za kupigia chapa na wafanyakazi vikahamia nyumbani kwake South C. Jumba nalo halikujengwa, kwani waliotarajiwa kulifadhili walirudi nyuma.

Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Sidhani ilikuwa sadfa. Pesa za wafadhili zilikuwa zimeanza kulipia midomo, si miti peke yake, na serikali ikataka kujua nani analipwa na nani.

Miaka ya 1990 na 2000 mashirika yalimea kama uyoga, mengine yakiwa ya mkobani tu: muhuri, kichwa cha barua na gari. Ya kweli nayo yalikuwapo, na aghalabu yalianza kwa pesa za kuchekesha. Mwaka 2000 mwanafunzi Mmarekani, Rye Barcott, alimpa Tabitha Atieno Festo, muuguzi mjane wa Kibera, takriban shilingi 2,000, yaani dola 26, aanzishe biashara ya mboga. Barcott aliporudi mwaka uliofuata, alikuta faida ya mboga imegeuka zahanati, ndani ya chumba alichoishi Tabitha. Mama huyo alifariki mwaka 2004, na zahanati ingali na jina lake. Mwaka huohuo wa 2004 kijana wa Kibera, Kennedy Odede, alinunua mpira wa senti 20 za dola, akaanzisha kikundi kilichokuja kuitwa SHOFCO. Mwaka 2018 kikundi hicho kilitunukiwa Tuzo ya Hilton, dola milioni mbili.

Mifano hii miwili husimuliwa sana kwenye semina za kuandika maombi, na mara nyingi husimuliwa vibaya, kana kwamba pesa ziliteremka kutoka mbinguni. Zilifuata kazi iliyokwisha kuonekana. Kenya Community Development Foundation, iliyoanza mwaka 1997, ilijengwa juu ya mantiki hiyohiyo: kikundi kichange chake, shirika liongeze.

Serikali nayo ilifungua mifuko yake: ya vijana mwaka 2006, ya wanawake 2007, na Uwezo mwaka 2013. Hapa wengi huteleza. Pesa za Uwezo hazina riba, lakini ni mkopo, na zinarudishwa. Ukisikia mtu Kawangware au Kangemi akisema chama kimepewa "pesa za serikali", muulize kwanza kama ni za kurudisha.

Julai 1, 2025 shirika la USAID lilifungwa rasmi, baada ya agizo la Washington la Januari kusimamisha misaada. Mashirika makubwa yenye maghorofa Westlands yalitikisika. Kikundi cha mzunguko cha wanawake kumi hakikuhisi lolote Jumapili iliyofuata, kwa kuwa pesa zake zilitoka kwenye mikoba yao wenyewe.

Na ile sheria ya mwaka 1990? Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alitia saini sheria mpya iliyopaswa kuchukua nafasi yake. Ilianza kutumika Mei 14, 2024, miaka 11 baadaye.