Dola Moja na Senti 91: Historia ya Seti za Sarafu za Mwaka wa Kuzaliwa Nchini Kanada

Ni karatasi ya plastiki laini, nyembamba, iliyobanwa kwa moto ikapata vyumba sita, vitatu juu na vitatu chini. Kila chumba kina sarafu yake. Ukiielekeza dirishani, senti moja ya shaba inawaka kama kaa la moto, na dola, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, inang'aa kama kioo. Baina yake na hiyo senti kuna senti 5 ya nikeli, senti 10, senti 25 na senti 50. Thamani ya zote kwa pamoja ni dola 1 na senti 91. Juu ya kila moja umeandikwa mwaka mmoja tu: 1961.

Aliyezaliwa Kanada mwaka huo ana sababu ya kuitafuta seti hii. Ilifungwa kiwandani wakati yeye angali mchanga, na kama haijawahi kufunguliwa, sarafu zake hazijaguswa na kidole cha mtu tangu siku hiyo. Ndiyo maana wazazi, wajukuu na wenzi wa ndoa huwanunulia wapendwa wao seti za mwaka wa kuzaliwa kama zawadi, hata wale ambao hawajawahi kukusanya sarafu maishani mwao. Lakini miaka haifanani. Kuna mwaka ambao seti yake hupatikana kwa bei ya chakula cha jioni, na kuna mwaka ambao hata tajiri atausaka asiupate. Siri yake imo katika historia ya Kanada yenyewe.

Sarafu za kwanza zilizogongwa kwa ajili ya Jimbo la Kanada zilitoka London mwaka 1858. Zilikuwa za senti 1, 5, 10 na 20. Kwa miaka 50 iliyofuata nchi hiyo iliendelea kutegemea viwanda vya Uingereza. Tarehe 2 Januari 1908 ndipo Gavana Mkuu, Earl Grey, alipogonga sarafu ya kwanza mjini Ottawa, senti 50 ya madini ya fedha, katika kiwanda kipya kilichokuwa tawi la kile cha London. Tawi hilo lilikuja kuwa mali kamili ya Kanada mwaka 1931.

Ufunguzi wa 1908 uliadhimishwa kwa seti ya sarafu tano zilizogongwa kwa uangalifu wa pekee na kuwekwa katika kikasha cha ngozi nyekundu. Enzi hizo seti zilikuwa za wageni wa heshima, maofisa na wakusanyaji wachache waliojua wapi pa kubisha hodi. Mfanyakazi wa reli au mkulima wa ngano aliyepata mtoto mwaka huo hakuwa na habari kwamba kitu kama hicho kipo.

Dola ya fedha ilichelewa. Iliingia mwaka 1935, Mfalme George V alipotimiza miaka 25 katika kiti cha enzi. Mchongaji Emanuel Hahn aliwaweka juu yake wanaume wawili wakipiga kasia ndani ya mtumbwi, mmoja mfanyabiashara msafiri na mwingine mwenyeji wa asili wa nchi ile. Nyuma yao kuna kisiwa kidogo chenye miti miwili, na angani ni mistari myembamba ya mianga ya kaskazini. Ukitumia kioo cha kukuzia utaona robota la ngozi za wanyama ndani ya mtumbwi, likiwa na herufi HB, ambazo ni za kampuni ya Hudson's Bay. Picha hiyo ilidumu kwenye dola kwa zaidi ya nusu karne.

Kisha ukaja mwaka 1936 na kizaazaa chake. Mfalme Edward VIII alijiuzulu mwezi Desemba, na sura ya mdogo wake, George VI, haikuwa tayari kwa sarafu za 1937. Ottawa ikahitaji sarafu, ikatumia mihuri ya chuma ya 1936 yenye sura ya marehemu George V, ikaongeza nukta ndogo chini ya mwaka. Senti moja zenye nukta zinazojulikana ni tatu tu. Moja kati yake iliuzwa mwaka 2010 kwa dola za Marekani 402,500. Kwa hiyo aliyezaliwa 1936 anaweza kukusanya sarafu za kawaida za mwaka wake, ila ile yenye nukta ataishia kuiona kwenye picha.

Miaka kumi na kidogo baadaye, uhuru wa India ulifika hadi kwenye senti ya Kanada. Sarafu za George VI zilibeba maneno ya Kilatini yaliyomtaja kuwa Kaizari wa India. Baada ya Agosti 1947 maneno hayo yalipaswa kufutwa, lakini mihuri mipya kutoka London ikachelewa. Wakati wa kusubiri, Ottawa iliendelea mwaka 1948 kugonga sarafu zenye mwaka 1947, ikiweka kando ya tarehe jani dogo la mepo, lile lile ambalo leo limo katikati ya bendera ya nchi hiyo. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana kisa pacha. Shilingi ya kikoloni yenye simba na milima nayo ilipoteza ukaizari wa India kuanzia toleo la 1948.

Mihuri ilipowasili Ottawa, muda wa kugonga sarafu za 1948 ulikuwa umekwisha kuliwa. Dola za mwaka huo zilikuwa 18,780 tu. Wazaliwa wa 1948 ndio wanaolipa gharama ya ucheleweshaji ule hadi sasa, kwa sababu dola ya mwaka wao ni miongoni mwa zile zinazotafutwa mno katika mfululizo mzima.

Mlango ulifunguliwa kwa watu wa kawaida katika miaka ya 1950, mwanzoni mwa utawala wa Elizabeth II. Kiwanda kilianza kuuza kwa umma seti za sarafu sita katika kadi nyeupe, zikiwa zimegongwa kwa mihuri iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Mwaka 1961 kadi zilibadilishwa na plastiki ya vyumba sita. Seti za mwaka huo hazikufika 100,000. Miaka minne baadaye, homa ya kukusanya sarafu ilipopanda, za mwaka 1965 zilipita milioni 2. Kwa sababu hiyo, aliyezaliwa 1965 hana haja ya kuhangaika, maana mwaka wake umehifadhiwa kwa wingi.

Mwaka 1967 una hadhi yake ya pekee. Kanada ilitimiza miaka 100, na mchoraji Alex Colville alipewa kazi ya kubadilisha picha za sarafu zote sita. Alichora viumbe wa nchi yake: njiwa kwenye senti 1, sungura kwenye senti 5, samaki kibua kwenye senti 10, paka mwitu kwenye senti 25, mbwa mwitu anayelia kwenye senti 50 na bata bukini arukaye kwenye dola. Kila sarafu ina miaka miwili, 1867 na 1967. Mwenye uwezo aliweza kununua kwa dola 40 kasha jeusi lililokuwa na sarafu ya saba, dola 20 ya dhahabu. Mtoto wa mwaka huo alizaliwa pamoja na sherehe ya taifa zima, na ushahidi unatosha kwenye kiganja.

Baada ya sherehe, madini ya fedha yaliondoka. Bei yake ilikuwa imepanda mno, na kufikia mwaka 1968 nikeli ilichukua nafasi yake. Dola nayo ikapungua upana kutoka milimita 36 hadi 32. Hapo ndipo ulipo mpaka mkubwa wa bei. Seti ya 1961 ina gramu 34 hivi za fedha halisi, ya 1969 haina hata moja. Bei ya fedha ilipokaribia dola 50 za Marekani kwa aunsi mwezi Januari 1980, watu wengi walizipeleka sarafu zao kuyeyushwa, na seti nyingi ziliishia tanuruni.

Hata hivyo thamani ya mwaka haipimwi kwa mizani ya sonara pekee. Mwaka 1972 Kanada ilipokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin, baadhi yao wakizungumza Kiswahili. Kwa mtoto aliyezaliwa katika majira yale ya baridi, seti ya 1972 ya nikeli ni kumbukumbu ya mwaka ambao familia yake ilianza maisha upya.

Mwaka uliofuata ulificha zawadi. Senti 25 ya 1973, iliyoadhimisha miaka 100 ya polisi wapanda farasi, ilitoka na sura mbili za Malkia. Ile adimu ina kichwa kikubwa zaidi na vidoto 132 ukingoni badala ya 120. Imewahi kukutwa hata ndani ya seti, hivyo mwenye seti ya 1973 achukue kioo cha kukuzia na ahesabu kwa utulivu.

Anayeanza kutafuta mwaka wake azingatie mambo machache. Aulize kama plastiki ni ile ya awali na kama haijakatwa. Asikubali sarafu iliyosuguliwa ili ing'ae, kwa sababu kusugua huondoa ngozi ya juu ya chuma na hairudi tena. Akiona utando wa kijani unaonata, ajue mfuko wenye kemikali mbaya umeanza kuila sarafu. Na asivunje seti nzuri ili kushika dola kwa mkono, maana alama ya kidole ikikauka hubaki hapo.

Senti ya mwisho ya matumizi iligongwa Winnipeg tarehe 4 Mei 2012, ikakabidhiwa kwa makumbusho ya Benki Kuu ya Kanada mjini Ottawa. Kwa watoto waliozaliwa baada ya mwaka huo, seti za kila mwaka zinaendelea kutolewa, lakini ile senti ya shaba haimo tena.