Ant na Dec: wimbo mbovu uliorudi na kushika namba moja

Mwishoni mwa Machi 2013, wimbo ulioongoza chati za Uingereza ulikuwa na umri wa karibu miaka 19. Wenyewe walioimba walikuwa na miaka 37 kila mmoja, na muziki walishauacha zamani. Walichofanya ni kupanda jukwaani katika kipindi chao cha Jumamosi usiku, Saturday Night Takeaway, wakaucheza wimbo wao wa ujanani kwa hatua zilezile. Watazamaji wakakimbilia kuununua. Mapato yakapelekwa ChildLine, huduma ya simu inayosaidia watoto wenye shida, na "Let's Get Ready to Rhumble", ambao mwaka 1994 ulikwamia nafasi ya 9, ukakaa kileleni.

Si wimbo mzuri. Ni vijana wawili wanaojimwagia sifa kwa mtindo wa rap, juu ya kiitikio kilichoazimwa kutoka tambo za Michael Buffer, mtangazaji wa ndondi wa Marekani. Hata wenyewe wamekuwa wakiutania kwa miaka mingi. Wasanii wengi wakikumbushwa kazi zao za kwanza hukwepa, au huzipamba. Ant McPartlin na Declan Donnelly wamechukua njia nyingine: aibu zao za mwanzo wamezitoa hadharani wenyewe, wakazicheka kabla mtu mwingine hajawacheka, na kwa njia hiyo wakajenga kazi ya utangazaji ambayo Uingereza haijaona mfano wake. Tuzo ya mtangazaji bora ya National Television Awards ilikuwa yao tangu 2001 hadi 2024, wakiichukua tena kila ilipotolewa.

Wote wawili ni wazaliwa wa Newcastle, mwaka 1975. Dec Septemba, Ant Novemba. Wapenzi wa soka wanaujua mji huo kwa Newcastle United na mabao ya Alan Shearer. Ni mji wa kaskazini mashariki, kando ya mto Tyne, uliokula jasho la makaa ya mawe na ujenzi wa meli hadi kazi hizo zilipokauka. Watu wake wana lafudhi nzito ambayo kwa miaka mingi haikupewa nafasi kubwa mbele ya kamera za London. Kwa hiyo BBC ilipoanza kuonyesha Byker Grove mwaka 1989, tamthilia ya watoto inayohusu kituo cha vijana mjini humo, jambo lilikuwa geni: watoto wa Newcastle walikuwa wakizungumza kwenye runinga ya taifa zima kama wanavyozungumza mtaani kwao.

Dec alikuwamo tangu msimu wa kwanza, akiigiza kijana aitwaye Duncan. Ant aliingia mwaka uliofuata akiwa PJ. Hapa ndipo hadithi yao inapotofautiana na ile tunayoizoea ya marafiki wa shule walioamua kutafuta kazi pamoja. Hawa walikutanishwa na kazi. Waandishi wa tamthilia waliwafanya PJ na Duncan kuwa chanda na pete kwenye hadithi, na ilibidi watoto hao wawili washinde pamoja wakirudia mistari, wakisubiri taa zipangwe, wakila chakula cha mchana. Urafiki wa kweli ukaota ndani ya ule wa kuigiza. Sidhani kama kuna mtu anayeweza kusema leo ni siku gani mmoja uliishia na mwingine ukaanza.

Mwaka 1993 PJ alipofushwa. Vijana wa kituo walikwenda kucheza mchezo wa kufyatuliana risasi za rangi, akavua kinga ya uso, akapigwa machoni. Kwa watoto waliokuwa wakitazama saa za jioni baada ya shule, lilikuwa jambo la kutisha. Runinga ya watoto haikuwa na kawaida ya kumpofusha kipenzi cha watazamaji. Leo tukio hilohilo ni kichekesho cha kudumu katika mazungumzo ya Ant na Dec. Nadhani vyote viwili vina haki yake. Lilikuwa limeandikwa kwa dhati, na limechakaa kama kila kitu cha dhati kilichovaa nguo za mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Muziki nao ulitokana na tamthilia. PJ na Duncan walikuwa wakiimba ndani ya hadithi, wimbo wao ukawavutia watazamaji, na kampuni ya Telstar ikawasainisha. Hata walipoachana na Byker Grove, waliendelea kujiita PJ & Duncan, wahusika wa kubuni wakiuza kaseti halisi madukani. Albamu ya kwanza, Psyche, ikatoka 1994, ya pili, Top Katz, mwaka uliofuata. Mwaka 1996 ndipo walipoyatua majina ya tamthilia na kuanza kuimba kama Ant & Dec, na mwaka 1997 albamu ya tatu ilipotoka soko lilikuwa limewachoka. Kampuni ikawaacha. Wasichana waliokuwa wakipiga mayowe walishahamia kwa wengine, na nchi ilikuwa na Spice Girls.

Ila katika miaka ile ya kuimba walijifunza jambo ambalo studio ya kurekodi haifundishi. Ziara za matamasha, mahojiano ya redio za mikoani, vipindi vya Jumamosi asubuhi ambako mwanamuziki humwagiwa uchafu kichwani akitabasamu: yote hayo yaliwapa wepesi wa kusema. Mmoja akianza sentensi, mwenzake aliimalizia. BBC iliwapa kipindi chao cha watoto, The Ant & Dec Show, mwaka 1995. Kilikuwa na mchezo ulioitwa Beat the Barber, ambamo mtoto akishindwa maswali alinyolewa kipara papo hapo. Wazazi walilalamika, na kwa kweli nawaelewa. Hata mimi ningelalamika kama mtoto wangu wa kike angerudi nyumbani bila nywele. Channel 4 nayo ikawajaribu na Ant & Dec Unzipped mwaka 1997, msimu mmoja tu, ikawaacha.

Kwa hiyo walipofika SMTV Live, tarehe 29 Agosti 1998, walikuwa na miaka 22, wakiwa wameshafeli mara mbili mbele ya nchi nzima. Pengine hilo ndilo lililowafungua. ITV ilitaka kipindi cha Jumamosi asubuhi cha kupambana na Live & Kicking cha BBC, kilichokuwa kikitawala saa hizo. Wakawekwa wao pamoja na Cat Deeley, binti aliyetokea kwenye uanamitindo, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya shida: watazamaji hawakuja. Kisha wakaja, na hatimaye BBC ikapitwa. Katuni za Pokémon zilizoonyeshwa ndani ya kipindi zilisaidia sana, jambo ambalo wanaosimulia historia hii kwa mahaba hupenda kulisahau.

Ukizitazama upya zile saa za SMTV, unaona jinsi zilivyokuwa zimeachwa wazi. Mchezo wa Wonkey Donkey ulikuwa na sharti moja tu: mtoto apige simu, atazame mwanasesere wa mnyama, ataje jibu lenye vina. Watoto hawakuvijali vina hata kidogo. Dec angeuliza, mtoto angejibu chochote kilichomjia, na Dec angeanza kuwaka kwenye matangazo ya moja kwa moja, akirudia sharti lile kwa sauti inayopanda, huku Ant akijikaza asicheke. Hakuna mwandishi anayeweza kuandika kitu kama hicho. Kilihitaji mtu mmoja mwenye hasira ya kweli na mwenzake anayejua hasa wakati wa kunyamaza. Katika Challenge Ant, mtoto alimshindanisha Ant kwa maswali ya maarifa. Na kulikuwa na Chums, mzaha wa tamthilia ya Friends, ambamo wao watatu waliigiza wakiishi nyumba moja, na wageni mashuhuri wakipita humo na kusahau mistari yao.

Desemba mosi 2001, Ant na Dec waliaga SMTV, na Chums ikafungwa kwa harusi ya Dec na Cat. Kipindi kiliendelea bila wao hadi 2003, kikafa. Wao walikuwa tayari wanaendesha Pop Idol, shindano lililozaa American Idol na ndugu zake kila bara. Waliokua na Bongo Star Search watautambua mfumo bila kuelezwa. Mwaka 2002 pekee ukawaletea vyote viwili vilivyowapa jina la kudumu: Saturday Night Takeaway mwezi Juni na I'm a Celebrity, shindano la watu maarufu wanaoishi porini, mwezi Agosti. Ukiitazama Takeaway kwa makini, ni SMTV iliyohamishwa kutoka asubuhi kwenda usiku, yenye bajeti kubwa na wageni waliovaa suti. Michezo ile, simu zile, kuharibikiwa kulekule. Wakaongeza hata wavulana wawili wadogo walioitwa Little Ant & Dec, waliotumwa kuwahoji watu maarufu kwa maswali ya kitoto. Yaani walijitengenezea utoto wao upya na kuutuma kazini.

Kitabu chao cha 2009, Ooh! What a Lovely Pair, kimesimuliwa kwa zamu, huyu akisema, yule akimkatiza. Siku moja baada ya Krismasi 2020, ITV ilirusha The Story of SM:TV Live, wawili hao na Cat Deeley wakikaa kutazama kanda za ujana wao. Mwaka 2019, katika Ant & Dec's DNA Journey, walipimwa vinasaba na kuambiwa kwamba wana asili ya pamoja ya mbali. Binafsi sikuona kama ugunduzi huo uliongeza kitu. Watu waliokaa bega kwa bega tangu wakiwa na miaka 14, Ant daima kushoto kwa mtazamaji na Dec kulia, hawahitaji maabara.

Kipimo kilichokuwa na uzito kilikuja mwaka 2018. Mwaka uliotangulia Ant alikuwa ametibiwa utegemezi wa dawa za maumivu baada ya upasuaji wa goti. Machi 2018 akapata ajali akiendesha gari amelewa. Mahakama ikamtoza faini ya pauni 86,000 na kumnyima leseni kwa miezi 20. Kipindi cha Takeaway cha wikiendi iliyofuata kilifutwa. Viwili vya mwisho wa msimu Dec aliviendesha peke yake, mara ya kwanza nchi inamwona bila mwenzake ubavuni, na mwishoni mwa mwaka I'm a Celebrity ilimpa Holly Willoughby awe naye. Hakuna aliyehitaji kuandika tangazo la kuvunjika kwa kundi, ingawa kulikuwa na magazeti yaliyolisubiri. Januari 2019 Ant alirudi kwenye usaili wa shindano la vipaji la Britain's Got Talent, na mwezi huohuo ile tuzo ya mtangazaji bora ikatolewa kwa wote wawili, licha ya kwamba mmoja wao alikuwa nje ya hewa kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Takeaway ilifungwa tarehe 13 Aprili 2024, baada ya misimu 20. Kampuni yao ya utayarishaji inaitwa Mitre. Ndilo jina lililotumika kwa jumba la Benwell Towers, magharibi mwa Newcastle, ambalo lilikuwa baa kabla BBC haijaligeuza kituo cha vijana cha kubuni ambamo Duncan na PJ walikutana.