Jinsi joto na umri vinavyodhoofisha tairi za magari

MADEREVA wengi hupima uzima wa tairi kwa kutazama meno yake tu. Meno yakiwa bado marefu, wao huridhika kwamba tairi ingali salama. Hata hivyo, tairi inaweza kuzeeka na kuwa hatari hata kama haijawahi kugusa barabara.

Kiini cha hatari hiyo ni mpira wenyewe. Tairi za kisasa huundwa kwa mchanganyiko wa mpira asilia, utokanao na utomvu wa mti, na mpira wa viwandani, unaotengenezwa kwa kemikali za mafuta ya petroli.

Aina ya mpira wa viwandani inayotumika sana katika tairi za magari madogo ni ile ya stairini na butadaini, iliyobuniwa nchini Ujerumani kati ya Vita Vikuu viwili vya Dunia. Marekani ilianza kuitengeneza kwa wingi baada ya Japani kuteka mashamba ya mpira ya kusini-mashariki mwa Asia mnamo 1942.

Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli. Mnamo 1839, Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, minyororo hiyo hufungamana. Ufungamano huo ndio huuwezesha mpira kuvutika kisha kurudia umbo lake, na ndio unaovurugwa na joto pamoja na umri.

Adui wa kwanza ni oksijeni. Hewa hii hupenya ndani ya mpira na kushambulia minyororo. Katika mpira asilia, mara nyingi minyororo hukatika na mpira hulegea. Katika ule wa stairini na butadaini, vifungo vipya huzidi kujengeka, mpira ukakakamaa na kuwa mwepesi wa kupasuka.

Joto huharakisha uharibifu huo. Kwa kadirio linalotumiwa na wanakemia, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya uharibifu hukaribia kuongezeka maradufu. Tairi isiyo na upepo wa kutosha hujikunja kupita kiasi inapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto zaidi.

Adui wa pili ni ozoni, ambayo hushambulia mpira uliovutwa na kuacha nyufa ndogo ubavuni mwa tairi. Watengenezaji huchanganya mpira na masizi meusi ili kuukinga dhidi ya miale ya jua, pamoja na kemikali na nta za kuzuia oksijeni na ozoni.

Nta hiyo hujitokeza juu ya mpira tairi inapojikunja safarini. Ndiyo sababu gari lililoegeshwa juani kwa miezi mingi huweza kupata nyufa mapema kuliko linalotumika kila siku.

Nyufa za nje si hatari kubwa zaidi. Mpira ulio kati ya kanda za nyuzi za chuma, ndani ya tairi, ukikakamaa, sehemu inayogusa barabara inaweza kubanduka ghafla gari likiwa katika kasi.

Mnamo Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza kurudishwa kwa tairi milioni 6.5 nchini Marekani baada ya visa vya aina hiyo. Idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihusisha ajali hizo na vifo vya zaidi ya watu 200. Ingawa kasoro za muundo na utengenezaji zilitajwa, visa vingi vilitokea katika majimbo yenye joto kali.

Baadaye idara hiyo ilinukuu takwimu za kampuni moja ya bima za kati ya 2002 na 2006. Majimbo matano yenye joto yalikuwa na asilimia 27 ya wateja wake, lakini yalitoa asilimia 77 ya madai yaliyohusu tairi. Kati ya madai hayo, asilimia 84 yalikuwa ya tairi zilizozidi miaka sita.

Umri wa tairi husomwa ubavuni mwake. Tarakimu nne za mwisho za nambari inayoanza kwa herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Baadhi ya kampuni za magari hushauri tairi zibadilishwe baada ya miaka sita, nao watengenezaji kadhaa wa tairi huweka miaka 10 kuwa kikomo. Tairi ya akiba nayo huhesabiwa umri, hata kama haijatumika.

Kwa hivyo, anayenunua tairi, hasa iliyokwisha kutumika, anashauriwa kusoma tarehe hiyo kabla ya kulipa, kupima upepo tairi ikiwa baridi, na kuhifadhi tairi za akiba kivulini. Meno marefu hayatoshi kuwa ushahidi wa uzima.