Hesabu za Mwaloni

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na samaki wake hawahesabiki mmoja mmoja. Kwa miaka karibu mia sasa, kila uamuzi mkubwa juu yao, uwe wa tundu la wavu au wa kujenga kiwanda, umesimama juu ya makisio. Makisio hayo nayo yameona kile tu ambacho chombo cha kupimia kiliweza kunasa.

Aliyeanza kazi hiyo kwa utaratibu ni Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928. Nyavu za kutega zilikuwa zimeingia Ghuba ya Kavirondo, leo Winam, mwaka 1905, na ngege, samaki waliokuwa wakitegwa kwa nyavu hizo, walikuwa wanapungua. Graham hakutosheka na jumla ya mavuno. Alitazama samaki wangapi wanapatikana kwa kila wavu, na hapo ndipo upungufu ulipoonekana, kwa maana jumla inaweza kupanda mwaka hadi mwaka kwa sababu tu nyavu zimeongezeka.

Ripoti yake ya mwaka 1929 ilipendekeza tundu la wavu lisipungue inchi 5, tena kiwepo chombo kimoja cha kusimamia ziwa zima na kukusanya takwimu. Katazo la nyavu za tundu dogo lilifuata miaka michache baadaye. Chombo cha pamoja kilisubiri hadi mwaka 1947. Kwa miaka yote hiyo kanuni ilikuwepo bila hesabu ya kuonyesha kama inafaa, na katikati ya miaka ya 1950 Tanganyika iliiondoa. Ngege hawakurudi kwa wingi wao wa zamani.

Kisha likaja kosa kubwa zaidi. Kati ya mwaka 1969 na 1971, meli ya Ibis ilikokota wavu wa sakafuni sehemu nyingi za ziwa, na watafiti Kudhongania na Cordone wakakuta kwamba asilimia 80 hivi ya uzito wa samaki walionaswa ni furu, samaki wadogo wa ziwa hilo. Kwa mpangaji wa viwanda, hiyo ilikuwa mali iliyolala bure. Mwaka 1976 Mwanza ikapata kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa chakula cha mifugo.

Lakini wavu ule ulipita penye tope na sakafu tambarare tu. Haukuingia kwenye miamba iliyojaa pwani ya Mwanza, wala haukuwafuata dagaa wanaopanda juu usiku. Isitoshe, neno furu lilifunika aina nyingi mno katika safu moja ya daftari. Kuanzia mwaka 1977, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden wakishirikiana na Watanzania walianza kuwatenganisha, na katika Ghuba ya Mwanza peke yake wakapata aina zaidi ya mia moja. Walikokota wavu katika mstari uleule, kutoka Butimba kuvuka ghuba, mwaka baada ya mwaka. Sangara, samaki wakubwa wanaokula wenzao, walipofurika katikati ya miaka ya 1980 na furu wa maji ya wazi wakakaribia kwisha, mstari huo ndio ulioweza kuonyesha nani alikuwepo na nani ametoweka.

Baada ya nchi tatu zinazolizunguka ziwa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka 1994, kazi ilirudi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Sensa ya uvuvi ya mwaka 2000 ilikuta mialo 1,492, vyombo zaidi ya 42,000 na wavuvi zaidi ya 129,000. Sensa inatoa idadi ya mitumbwi. Mavuno yanapatikana kwa sampuli. Mwandishi wa takwimu anakaa mwaloni siku zilizopangwa, anapima samaki wa mitumbwi michache, anauliza nyavu ngapi zimetegwa na siku ngapi mvuvi ametoka wiki hiyo, kisha wastani unazidishwa kwa mitumbwi yote.

Dagaa ndio mtihani wake mgumu. Hupimwa kwa ndoo au beseni, hivyo inabidi moja ipimwe kwa mizani na nyingine zihesabiwe. Tena huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Anayepima usiku wa giza tu atalitajirisha ziwa kwenye karatasi, na anayepima mbalamwezi atalifilisi.

Hata kipimo cha sangara kina utata wake. Nchi za ziwa zilikubaliana avuliwe mwenye sentimita 50 hadi 85. Sheria inahitaji mpaka mkali, lakini samaki hakui hivyo: kwa urefu uleule mmoja ameshakomaa, mwenzake bado, na jike huchelewa kuliko dume. Hali kama hiyo ndiyo aliyoiwekea hesabu Lotfi Zadeh wa Berkeley mwaka 1965, aliposema kitu kinaweza kuwa ndani ya kundi kwa kiasi fulani, si ndiyo au hapana tu. Ofisa mwenye ubao wa kupimia hana nafasi hiyo. Sangara wa sentimita 49 anakamatwa.

Kwa hiyo namba inayofunga uvuvi au kupiga marufuku wavu itangazwe pamoja na kiasi cha shaka yake, na ielezwe imepimwa kwa chombo gani na wapi. Isomwe kwanza kwenye mialo ya Kirumba, Kayenze na Ukerewe, mbele ya wavuvi ambao samaki wao ndio waliopimwa.