Perege wanapokataa chakula: angalia maji kabla ya kubadilisha mfuko

Unamwaga chakula bwawani saa tatu asubuhi. Punje zinaelea, upepo unazisukuma hadi pembeni, na hakuna samaki anayekuja juu. Kesho yake hali ni ile ile. Jirani anakwambia chakula hicho ni kibaya, ununue cha kampuni nyingine.

Msikilizaji, usikimbilie dukani kwanza. Chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama za mfugaji wa samaki, na mara nyingi kinachowazuia perege kula ni hali ya maji yao, si mfuko uliounua. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua sababu, na la kufanya kwa kila moja. Yanawahusu zaidi perege, akiwemo sato, ambao hupenda kuchukua chakula juu ya maji.

Samaki kuja juu si njaa siku zote

Hili ndilo kosa linaloua samaki wengi. Mfugaji anafika bwawani alfajiri, anawaona samaki wote wako juu, midomo inafunguka na kufunga. Anadhani wana njaa, anawamwagia chakula kingi. Hawali. Chakula kinazama, kinaoza, na kuoza huko kunakula oksijeni ile kidogo iliyobaki majini. Asubuhi inayofuata anakuta samaki wamekufa.

Mimea midogo inayofanya maji yawe ya kijani hutoa oksijeni mchana kwa msaada wa jua. Usiku nayo huitumia. Kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza, na samaki huja juu kutafuta pumzi.

Utawatofautisha hivi. Samaki mwenye njaa hukukimbilia unapokaribia, hudaka punje na kuzama nayo. Samaki anayekosa hewa hutawanyika juu ya bwawa, huhema, wala hashughuliki na punje iliyo mbele yake. Ukiwaona hivyo, usiwalishe siku hiyo. Ongeza maji safi, uyaache yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa, na usitie samadi tena mpaka maji yatulie.

Kambale ni tofauti kidogo. Yeye ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, hivyo kumwona akichomoza mara moja moja na kurudi chini ni kawaida yake. Pia hupenda kula jioni na usiku kuliko mchana.

Kipimo cha mkono

Kujua kama maji yamezidi ukijani hakuhitaji mashine. Zamisha mkono wima, kiganja kikiwa kimekunjuliwa, hadi maji yafike kwenye kiwiko. Kama kiganja kinapotea machoni maji yanapofika karibu na kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea mapema zaidi, ukijani umezidi: punguza samadi na ubadilishe sehemu ya maji. Kama bado unakiona vizuri baada ya kiwiko, maji ni meupe mno na hayana chakula cha asili.

Hapa kuna sababu nyingine ya perege kukataa punje. Perege hula hiyo mimea midogo. Kwenye bwawa lenye rutuba nzuri huenda wameshashiba kabla hujafika. Hao hawana tatizo. Wewe punguza kipimo.

Baridi ya Juni na Julai

Tabora iko kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Miezi ya kipupwe usiku huwa na baridi, na maji ya bwawa dogo hupoa haraka. Perege hula vizuri maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hamu yao hupungua sana.

Msimu huo usilishe asubuhi mapema. Subiri hadi saa nne au saa tano jua liwe limepasha maji, kisha lisha tena saa tisa au saa kumi alasiri. Punguza kiasi. Joto likirudi, hamu nayo hurudi.

Jike mwenye mayai mdomoni

Jike wa perege hubeba mayai na vifaranga wake mdomoni kwa wiki moja hadi mbili. Muda huo hali, au hula kidogo mno. Kama bwawa lako lina majike wengi na maji yana joto, utaona sehemu ya samaki haiji kula kabisa. Hawaumwi. Ila ukumbuke kwamba kuzaana huko hujaza bwawa samaki wadogo wanaogombea chakula, ndiyo maana wafugaji wengi wa biashara hununua vifaranga wa kiume watupu.

Vifaranga waliosafirishwa ni jambo jingine. Baada ya safari ndefu huweza kukaa siku moja au mbili bila kula. Waache watulie. Vilevile samaki walioshambuliwa na mdiria, mnandi au fisi maji hujificha chini kwa siku kadhaa.

Onyo kwa wakulima wa tumbaku

Usioshe bomba la kupulizia dawa karibu na bwawa, wala kwenye mfereji unaoingiza maji. Dawa nyingi za wadudu huua samaki hata zikiwa kidogo sana. Mabaki ya tumbaku yenyewe pia yana sumu kwa samaki, kwa hiyo usiyatumie kama mboji kwenye kingo za bwawa. Samaki wakiacha kula ghafla na kuogelea ovyo ovyo baada ya mvua, anza kuchunguza maji yametoka shamba gani.

Kuwazoesha samaki wagumu

Ikiwa maji ni mazuri, joto lipo, na bado hawali, basi ni suala la mazoea. Samaki waliozoea chakula cha asili hawajui kwamba punje ni chakula. Fanya hivi:

1. Usiwalishe siku moja. Samaki mzima mwenye afya hadhuriki.
2. Chagua sehemu moja ya bwawa na saa zile zile kila siku. Gonga debe kidogo kabla ya kumwaga. Baada ya siku kadhaa watakuja kwa mlio huo.
3. Tengeneza fremu ya mianzi au ya bomba la plastiki inayoelea, mwaga chakula ndani yake. Upepo hautakipeleka pembeni.
4. Hakikisha punje inaingia mdomoni. Vifaranga hupewa unga laini. Punje kubwa wataitema.
5. Changanya na kitu wanachokijua. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wakaanguka majini, perege hupanda juu wenyewe. Kausha kumbikumbi, saga, nyunyizia kidogo juu ya chakula kipya. Mchwa nao hufaa.
6. Mwaga kidogo kidogo huku ukiangalia. Kinachobaki baada ya dakika 15 ni hasara. Kesho punguza.

Kiasi gani kwa siku?

Vua samaki 20 kwa wavu, wapime pamoja, gawanya kwa 20. Tuseme wastani ni gramu 50 na bwawani una samaki 200. Jumla yao ni kilo 10. Kwa ukubwa huo wape asilimia 4 ya uzito wao kwa siku, yaani gramu 400: nusu asubuhi, nusu alasiri. Wakifika gramu 100 kila mmoja, jumla ni kilo 20. Sasa shuka hadi asilimia 3, yaani gramu 600. Pima upya kila baada ya wiki mbili.

Chakula cha kutengeneza nyumbani

Kwa samaki wanaoendelea kukua, kilo 10 za chakula zinaweza kuwa na pumba za mahindi kilo 5, mashudu ya alizeti kilo 3 na dagaa waliosagwa kilo 2. Vifaranga wanahitaji dagaa zaidi ya hapo.

Dagaa wa Kigoma huja Tabora kwa kufuata takriban njia ile ile ya misafara ya kale, ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliipita wakitoka Bagamoyo hadi Ujiji. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ukinunua dagaa wa kulishia, chekecha kwanza. Wale walioanikwa chini huja na mchanga, nawe utakuwa umelipia mchanga. Kitu chochote chenye harufu ya uvundo au ukungu, hasa mashudu ya karanga na mahindi, usikitumie. Sumukuvu hudhuru samaki kama inavyodhuru watu.

Kanda mchanganyiko kwa uji mzito wa muhogo, pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, kisha anika. Punje hizo huzama. Usizitupe ovyo: ziweke kwenye sinia au ungo uliofungwa kamba, uushushe kiasi cha sentimita 30 chini ya maji. Baada ya nusu saa vuta uone kilichobaki.

Ukinunua chakula cha kuelea, jaribu punje chache kwenye kikombe cha maji kabla ya kulipia mfuko mzima. Zikizama mara moja, hicho si cha kuelea.

Kwa wenye samaki wachache nyumbani

Anayefuga kwenye tangi au beseni la kioo afuate utaratibu huo huo kwa kiasi kidogo. Maji ya bomba huwekwa dawa ya klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku moja au mbili kabla ya kuyatumia, na ubadilishe sehemu tu ya maji, si yote kwa pamoja.

Wapi pa kuuliza

Anza na afisa uvuvi wa halmashauri yako. Mkoani Tabora, Serikali ina kituo cha ukuzaji viumbe maji Mwamapuli, wilayani Igunga. Unapokwenda kuomba ushauri, beba maji ya bwawa kwenye chupa safi, kiganja cha chakula unachotumia, na uandike saa unazolisha na saa samaki wanapokuja juu. Ukiwa na hayo mkononi, mtaalamu ataanza kukusaidia kwa haraka zaidi.