Selfu na Stata: Majina Mawili ya Chombo Kimoja

Miongoni mwa maneno ambayo gari limeyaingiza katika Kiswahili, machache yana historia ya kustaajabisha kama "selfu" na "stata". Yote mawili hutaja kitu kimoja, yaani mota ndogo ya umeme inayoizungusha injini mpaka iweze kwenda kwa nguvu zake yenyewe. Yamekatwa katika jina moja la Kiingereza, "self-starter": wengine walichukua kichwa, wengine mkia. Waingereza nao wamekwisha kukiacha kile kichwa na husema "starter" tu. Hivyo fundi wa Dar es Salaam anapomwambia dereva "piga selfu", anatunza kipande ambacho wenye lugha wamekitupa.

Neno hilo la kwanza halikuwa pambo. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa hendeli, chuma kilichopindwa ambacho mtu alikichomeka mbele ya injini na kukizungusha kwa mkono. Cheche za kuchomea petroli zilitoka katika magneto, chombo kinachotoa umeme kwa kuzungushwa na injini yenyewe. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitengeneza magneto ya kutumia plagi mwaka 1902. Gari la namna hiyo liliweza kuwaka bila ya betri yo yote. Hatari ilikuwa katika ile hendeli: cheche ikitokea kabla ya wakati wake, injini hurudi nyuma kwa ghafla, na chuma kikaweza kumvunja mtu mkono.

Aliyeiondoa hendeli ni Charles Kettering, mhandisi wa Dayton, Ohio, nchini Marekani. Hapo awali alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya mashine za kuhesabia fedha za dukani, akaziwekea mota ya umeme. Na huko alitambua kwamba mota ndogo huweza kutoa nguvu kubwa endapo itatakiwa kufanya hivyo kwa kitambo kidogo tu. Maarifa hayo aliyahamishia kwenye gari. Cadillac za mwaka 1912 zilitoka kiwandani zikiwa na chombo chake, na tangu mwaka 1919 hata Ford ya Model T iliweza kununuliwa ikiwa nacho. Gari sasa lilijiwasha lenyewe, na hiyo ndiyo maana ya "self".

Lakini tangu hapo gari likawa mtumwa wa betri, na maradhi mapya yakaingia pamoja na raha mpya. Hapa ndipo historia inapomgusa mfasiri na mtumishi wa ofisi. Mafundi wetu hutofautisha kwa makini malalamiko mawili. La kwanza ni "gari halipigi selfu": ufunguo unazungushwa, injini haisogei, pengine husikika mlio mmoja, "ta!", na taa zikafifia. Hapo hutazamwa betri, vichwa vyake vilivyoota ukoga mweupe, waya uliolegea mahali ulipofungwa kwenye bodi, kisha swichi na selfu yenyewe. La pili ni "linapiga selfu lakini haliwaki": injini inazunguka vizuri, ila haishiki. Hapo betri haina lawama. Hutafutwa cheche katika koili na plagi, au petroli isiyofika.

Tumeona vitabu vya maelekezo vilivyotafsiriwa ambamo yote mawili yameandikwa "gari haliwaki". Dereva hunakili maneno hayo katika fomu, karani huagiza betri, na gari lenye koili mbovu hupewa betri mpya na kubaki pale pale lilipo. Hasara hiyo imetokana na sentensi, wala si na fundi.

Kwa sababu hiyo hatupendelei "kiwashi", ingawa lina sura nzuri ya Kibantu na huwavutia wengi. Chombo hiki hakiwashi kitu. Kazi yake ni kuzungusha, na kinachowasha ni cheche ya plagi. Mwanafunzi wa ufundi akifundishwa "kiwashi" atakitafuta mahali pasipo pake. Tungechagua "stata" liwe neno la kuongoza, kwa kuwa linaeleweka Kenya na Tanzania, na "selfu" liandikwe kando yake, maana halitatoka gereji kwa amri ya mtu.

Limesalia neno "moto". Mafundi husema "moto haufiki kwenye koili" na "betri haina moto", nao humaanisha umeme. Si ajabu: "umeme" lenyewe lilikuwa mmweko wa radi kabla ya kupewa kazi ya nyaya, na Kenya watu wengi husema "stima", neno lililokwisha kutaja meli ya moshi. Katika darasa la ufundi mwalimu hana budi kulijua "moto" la gereji na kulitumia. Kitabuni lakini tungesisitiza "umeme" pasipo kuyumba, kwani kwenye chombo kinachobeba petroli, onyo la "zima moto kabla ya kugusa waya" laweza kumfanya msomaji mmoja azungushe ufunguo na mwingine akimbilie mchanga.