GARI LINACHEMSHA NA MAJI UMEJAZA? TOA UPEPO KWANZA KABLA HUJANG'OA TERMOSTATI

Leo naweka mambo ya magari. Hapa Mpemba, njia panda ya kwenda Ileje, nakutana sana na gari lililofunguliwa boneti pembeni ya lami, linafuka mvuke. Ukimuuliza dereva anakwambia rejeta mpya, maji full, feni inazunguka, ila bado linachemsha. Hapo mshukiwa wa kwanza ni upepo ulionasa ndani.

UPEPO UNAINGIAJE?
Ukibadili rejeta, pampu ya maji au mpira uliopasuka, maji yanamwagika na hewa inachukua nafasi yake. Ukijaza harakaharaka, hewa inajificha sehemu za juu: kwenye silinda hedi, kwenye nyumba ya termostati na kwenye hita nyuma ya dashibodi. Maji yanabeba joto, hewa haibebi, kwa hiyo chuma cha pale penye hewa kinaungua. Termostati ikizungukwa na hewa inachelewa kufunguka. Mbaya zaidi, sensa ikikaa kwenye hewa mshale unakudanganya: unaona uko katikati kumbe injini inakufa.

KWA NINI HUKU TUWE MAKINI ZAIDI
Usawa wa bahari, pale Dar, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini, mita kama 1,700, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta unaobana presha: ule ulioandikwa 0.9 unaongeza karibu nyuzi 20 juu ya hapo. Raba yake ikichoka, msaada huo unapungua au unaisha kabisa. Na siku ya foleni ya malori kuelekea mpakani Tunduma gari linatambaa tu, hakuna upepo wa mwendo, kazi yote anafanya feni.

DALILI
- Mshale unapanda na kushuka ghafla.
- Hita umeweka moto lakini inapuliza baridi.
- Sauti ya maji kububujika nyuma ya dashibodi.
- Ulijaza jana mpaka juu, asubuhi yamepungua na hakuna panapovuja.

JINSI YA KUTOA
1. Injini iwe imepoa kabisa. Usifungue mfuniko ukiwa wa moto, hata kama umeshika tambara. Maji yanaruka na kukuchuna ngozi ya uso, sio utani.
2. Paki pua ya gari ikiangalia juu, kwenye kamwinuko. Funga handbreki, weka mawe kwenye matairi.
3. Fungua mfuniko, weka hita kwenye moto wa mwisho. Kama mipira ya hita ilishakatwa, ruka hapo.
4. Jaza polepole. Chupa ya maji iliyokatwa kitako inafaa kuwa faneli. Minyaminya mpira wa juu wa rejeta, utaona viputo vinatoka.
5. Kama gari lina skrubu ya kutolea upepo, ilegeze mpaka yatoke maji matupu, halafu ikaze.
6. Washa injini, mfuniko ukiwa wazi. Iache ingurume yenyewe dakika 15 mpaka 30. Kaa mbali na mdomo wa rejeta, na mikono mbali na feni. Usawa ukishuka, ongeza kidogokidogo.
7. Mpira wa juu ukiwa wa moto, termostati imefunguka. Subiri feni ya umeme iwake na kuzima mara mbili. Viputo vikiisha, jaza, funga.
8. Jaza chupa ya akiba mpaka kwenye alama. Zunguka kidogo mtaani, acha lipoe, kagua tena.

Noah zile za zamani, zenye injini chini ya viti vya mbele, mipira yake ni mirefu. Hapo rudia zoezi, usikate tamaa.

Tumia kulanti nusu na maji safi nusu, inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Iliyomwagika isiachwe chini: ni tamu lakini ni sumu, inaua mbwa, na mtoto akilamba ni hatari.

UGOMVI WANGU NA "NG'OA TERMOSTATI"
Ushauri huu umezagaa vijiweni. Bila termostati injini inachelewa kupata joto na inakula mafuta. Tena kwenye injini nyingi za Toyota, kile kidude ndicho kinachofunga njia ya mkato. Ukikitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Kama ni mbovu, weka nyingine.

WAKATI SIO UPEPO
Ukishatoa upepo vizuri na viputo bado vinakuja bila kuisha, au moshi mweupe wenye harufu tamu unatoka nyuma, au oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeungua. Zima, vuta mpaka gereji. Kuendelea "taratibu mpaka Tunduma" ndiko kunakopinda hedi, na gharama ya gasketi inageuka gharama ya injini.

Mafundi mliomo humu, mwenye la kuongeza amwage hapo chini. Nawasilisha.